Upinde wa mvua chumbani, barafu uwanjani: Mwalimu anajibu wasomaji

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu juu ya Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland. Nilisema kwamba mwaka 2003 aliwasha "jua" ndani ya jengo huko London, na watu wakalala sakafuni chali kulitazama. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Katika barua zilizokuja nimechagua tano. Mbili nyingine zimenitukana kwa ufasaha mkubwa, hizo nimezihifadhi kwa raha zangu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, nachora mandhari: milima, mito, mawingu. Umemwita huyu Eliasson msanii wa mandhari. Nimetafuta kazi zake nikakuta taa, vioo na mvuke, mlima uliochorwa sikuuona hata mmoja. Mandhari iko wapi hapo? Au siku hizi kila anayewasha taa ni msanii?

Marahaba, mwanangu. Hiyo pilipili uliyoiweka mwishoni nimeionja, nitairudia.

Tuanze na kazi yake ya mwaka 1993, aliyoiita "Uzuri". Chumba cheusi. Juu, bomba lenye matundu madogo linanyunyiza maji yanayoshuka kama pazia jembamba. Taa moja inalimulika pazia hilo kwa upande. Basi, hakuna kingine. Ukisimama mahali fulani unaona upinde wa mvua unacheza ndani ya maji. Ukipiga hatua mbili, haupo. Mwenzako aliye kando yako naye anauona, ila anaouona si huo wako.

Nilifundisha fizikia miaka kumi na tisa kabla sijaingia kwenye uandishi. Kila mwaka nilichora ubaoni tone la maji: mwale unaingia unapinda, unagonga ukuta wa nyuma unarudi, unatoka unapinda tena. Nyekundu inatoka kwa pembe ya nyuzi kama 42, zambarau kama 40. Wanafunzi walinakili, wakafaulu mtihani, wala hawakuelewa kitu. Siku moja mvua ilikatika jioni, tukatoka nje, nikamwambia kila mmoja anyooshe kidole pale upinde unapogusa ardhi. Wa upande huu wa kiwanja wakaonyesha mti. Wa upande ule wakaonyesha kona ya ukuta. Ugomvi ukaanza, kila kundi likiwaita wenzao vipofu. Binti mmoja ambaye hakuwa na kawaida ya kusema darasani akasema: "Kwa hiyo kila mtu ana wake." Nikafunga daftari la somo, maana mtoto alikuwa amelimaliza.

Ndivyo ilivyo hasa. Pembe ile ya nyuzi 42 inapimwa kutoka kwenye jicho lako. Matone yanayokuletea wewe nyekundu si yale yanayomletea jirani yako. Upinde haukai mahali kama mlima unavyokaa, unahitaji jua, maji, na mtu aliyesimama panapotakiwa. Ukiuchora, umenipa wako, nami nitaushukuru. Eliasson ameninyunyizia maji na kuniwashia taa ili niupate wangu.

Sasa umeniuliza mandhari iko wapi. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1967, wazazi wake wakiwa watu wa Iceland, na likizo za utotoni alizipeleka huko. Ni nchi ya lava, maporomoko ya maji, ukungu, na mwanga unaolala chini kwa saa nyingi. Mtu aliyekulia mandhari ya namna hiyo anaweza kuichora maisha yake yote asiimalize. Huyu ameichambua kama fundi saa: ameondoa kilima na bonde, akabakiza lile linalotokea kati ya nuru, maji na jicho, akaliingiza chumbani. Na kama ni milima unaitaka kweli, anayo. Kwa miaka mingi amepiga picha mito, mapango na barafu za Iceland, akazipanga ukutani safu kwa safu kama mpima ardhi. Huko hutakuta machweo ya kupendeza, na mimi nasema afadhali.

Kwa wewe mchoraji kuna kazi moja ningependa uingie humo na boksi lako la rangi. Mwaka 1997 alijaza chumba taa za sodiamu, zile zinazotoa karibu rangi moja peke yake, njano ya urefu wa wimbi wa nanometa kama 589. Ndani ya chumba hicho shati jekundu linakuwa la kijivu kilichoiva, la bluu linakuwa karibu jeusi, nyuso za watu zinakuwa kama picha za zamani. Taa haina nyekundu ya kulipa shati, na shati halina pa kuitoa. Tunasema "shati jekundu" kana kwamba wekundu ni mali ya shati, wakati ni mapatano kati ya shati na taa. Toka humo nje uone macho yako yanavyohangaika, kila kitu kinakuwa na ubluu kwa muda.

"Jua" la London lilitumia ujanja huo huo. Ukumbi mkubwa wa Tate Modern, jumba la sanaa, zamani ukumbi wa mitambo ya umeme, kuanzia Oktoba 2003 hadi Machi 2004. Taa kama 200 nyuma ya kitambaa cha nusu duara, dari lote likafunikwa vioo, na ukungu hewani. Kioo kikaimalizia nusu ile ikawa jua zima. Watu zaidi ya milioni mbili waliingia. Walilala chali wakijitafuta katika dari kwa kupunga mikono, maana kwa kimo kile binadamu ni sisimizi. Lakini kilichonifanya nimheshimu ni hiki: nyuma hakukuficha. Ulikuwa unaweza kupita hadi upande wa pili ukaona nyaya, taa, na vyuma vinavyoshikilia jua. Mganga wa kiini macho anakula kwa siri yake. Huyu anaitoa siri mezani, na bado unarudi mbele kulala.

Hapo ndipo nairudia pilipili yako. La, si kila anayewasha taa. Maonyesho mengi ya taa ya siku hizi yametengenezwa yapigwe picha kwa simu, na ukishaiona hiyo picha umeyaona yote, unaweza kubaki nyumbani. Kile chumba cha njano simu itakupa picha ya njano, macho yako hayatapata taabu yoyote. Nacho kilijengwa kwa ajili ya taabu hiyo.

Mwalimu, naomba unieleze kwa nini nimsifu mtu aliyesafirisha barafu kutoka Greenland hadi London ili iyeyuke mbele ya watu wanaokunywa kahawa. Meli na malori yalitumia maji? Si ndio hao hao wanaotuhubiria habari za tabianchi?

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Nipange kwanza yaliyotokea, kwa sababu wengi wanaolaumu na wengi wanaosifu wanachanganya.

Kazi hiyo aliifanya pamoja na mwanajiolojia Minik Rosing, na imewekwa mara tatu. Mwaka 2014 Copenhagen, mapande 12 mbele ya ukumbi wa jiji. Desemba 2015 Paris, mapande 12 yaliyopangwa kama namba za saa katika uwanja wa Panthéon, wakati wajumbe wa dunia wakiwa mjini humo kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi. Desemba 2018 London, mapande 24 nje ya Tate Modern na mengine 6 katika eneo la mabenki. Barafu haikukatwa na mtu. Yalikuwa mapande yaliyokwisha kumeguka kutoka kwenye barafu kuu na kuelea katika ghuba ya Nuup Kangerlua karibu na Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Yangeyeyuka baharini vyovyote. Yakaopolewa, yakaingizwa kwenye makontena ya baridi, yakasafiri.

Je, yalisafiri bure? Hapana. Studio yake iliitangaza hesabu ya hewa ukaa ya kazi hiyo: kwa Paris ilikuwa kiasi cha tani 30. Si siri, na si sifuri.

Hukumu yangu ni hii, na una haki ya kuikataa. Paris namkubalia. Watu wenye kalamu za kutia sahihi walikuwa mjini ule wiki ile, na ni vizuri walichokuwa wanakijadili kwa asilimia na mabano kilikuwa barabarani kinachuruzika. London nilikunja uso. Kazi iliyokuwa kali mara ya kwanza, mara ya tatu inaanza kuwa ziara.

Hata hivyo usiseme watu walikunywa kahawa tu. Walifanya jambo ambalo hakuna jedwali limewahi kumfanya mtu alifanye: waliinamisha masikio. Theluji inaposhindiliwa miaka na miaka hadi iwe barafu, inafungia humo hewa ya zama hizo katika viputo vyenye mgandamizo mkubwa. Barafu ikiyeyuka, viputo vinapasuka, na ukiweka sikio karibu unasikia pa, pa, pa, kama kitu kinachokaangwa mbali. Ndiyo hewa ya watu waliokufa kitambo inatoka. Nimefundisha mabadiliko ya tabianchi kwa grafu muda mrefu, wala sikumbuki grafu iliyotoa sauti.

Na kama unataka kumpima kwa jambo lenye faida ya mkono kwa mkono, mwaka 2012 yeye na mhandisi Frederik Ottesen walitoa taa ndogo ya jua yenye umbo la ua la njano, kwa ajili ya wanaoishi bila umeme. Wapo wanaodai ile si sanaa, ni biashara ya taa. Sijali sana jina lake. Jua la London lilimeza umeme kwa miezi, hili linauzalisha.

Nimesoma kwamba mtu huyu alimwaga rangi ya kijani mtoni. Kama ni kweli, kwa nini hakukamatwa? Angefanya hivyo kwenye mto ninaoutumia mimi angejibu maswali.

Ni kweli. Kati ya 1998 na 2001 alifanya hivyo Bremen, Moss huko Norwei, kwenye nyanda za juu za Iceland, Los Angeles, Stockholm na Tokyo. Alichomwaga kinaitwa uranini, rangi ambayo wataalamu wa maji huitumia kufuatilia mkondo: wanaiweka hapa, wanaisubiri itokee kule. Kwa viwango vile haina sumu, na mwanga wa jua huififisha.

Mto wa mjini watu wameuzoea mpaka umegeuka picha ya kadi. Ukiwa kijani ghafla, unauona unakwenda, unajizungusha nyuma ya nguzo za daraja, unachelewa kingoni na kukimbia katikati. Hilo nalikubali. Lisiloniingia ni kwamba hakutangaza. Stockholm mwaka 2000 ilikuwa katikati ya jiji, watu wanapita zao, maji yanabadilika rangi na hakuna wa kuwaambia ni nini. Mshituko wa watu ulikuwa sehemu ya kazi, lakini hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari kuwa sehemu ya kazi. Uko upande wangu hapo, au mimi niko upande wako. Na kwa wanafunzi wanaosoma hapa: msijaribu.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha jiografia. Barafuto kwa wanafunzi wangu ni neno la mtihani, hakuna aliyewahi kuiona. Je, kuna kazi ya msanii huyu ninayoweza kuibandika ukutani ikanisaidia?

Ipo, na ungeniuliza mapema ningekuwa nimeitumia mwenyewe. Mwaka 1999 alipiga picha barafuto za Iceland, ile mito ya barafu inayotembea polepole, kutoka angani. Mwaka 2019 akarudi na ndege kutafuta pale pale, akapiga tena. Akaziweka mbili mbili, jozi 30, wakati mmoja kushoto na mwingine kulia.

Usiwaambie ipi ni ya zamani. Wape rula. Wachague kitu kisichohama, mwamba au ukingo wa bonde, wapime umbali hadi kwenye ncha ya barafu katika picha zote mbili. Wakishagundua wenyewe watapiga kelele, waache. Kisha watupie swali gumu: tunajuaje hii si tofauti ya theluji ya msimu? Picha mbili ni nukta mbili tu, na mwanafunzi anayechora mstari kwa nukta mbili sharti aulizwe. Jibu liko nje ya sanaa: Iceland wamekuwa wakipima ncha za barafuto zao kwa utaratibu tangu mwaka 1930, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea wanaokwenda kila mwaka mahali pale pale na kamba yao. Hao ndio wenye ushahidi. Msanii amewapa watu sababu ya kutaka kuujua.

Waeleze pia habari za Okjökull, barafuto ya Iceland. Barafuto ni barafu nzito kiasi cha kusukumwa na uzito wake yenyewe ikatembea. Ikiwa nyembamba mno inasimama, na ikisimama imekufa, hata kama bado ni nyeupe. Mwaka 2014 mtaalamu Oddur Sigurðsson alitangaza kuwa Okjökull haistahili tena jina hilo, na Agosti 2019 watu walipanda mlimani kuiwekea bamba la kumbukumbu. Mwaka ule ule wa picha za pili.

Ukibakiwa na kipindi, nenda kwenye miamba. Ukumbi wa muziki wa Harpa mjini Reykjavik, uliofunguliwa mwaka 2011, una ukuta wa vioo vilivyopangwa kama matofali yenye nyuso 12, alioubuni Eliasson pamoja na wasanifu wa Henning Larsen, akitumia umbo alilolifanyia kazi miaka mingi na mtaalamu wa jometri Einar Thorsteinn. Chanzo chake ni nguzo za basalti zilizojaa Iceland. Lava inapopoa inasinyaa, ikisinyaa inapasuka, na nyufa hupenda kukutana tatu tatu kwa pembe karibu na nyuzi 120, ndiyo maana nguzo nyingi zina pande sita. Chukua unga wa wanga, uchanganye na maji, uache ukauke taratibu chini ya taa, nyufa zitajipanga zenyewe. Hii niliijaribu. Mara ya kwanza nilipata chapati, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Mwalimu, binti yangu ana miaka saba. Nilimsomea habari zako za jua la ndani, sasa anataka nimtengenezee "chumba cha upinde". Inawezekana bila fedha nyingi?

Inawezekana mama, hata bila chumba. Unahitaji bomba la kumwagilia na jua la asubuhi au la alasiri. Jua likiwa juu sana hupati kitu ukiwa umesimama chini, kwa sababu ya zile nyuzi 42. Kipimo chake ni kivuli: kivuli cha mtoto kikiwa kirefu kumshinda mwenyewe, anzeni.

Mpeni jua mgongo. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba mpaka maji yatawanyike. Yasiwe membamba kama moshi, maana matone madogo mno yanachanganya rangi na upinde unakuwa mweupe. Nyunyiza mbele ya kitu cheusi: mlango wa giza, majani mengi, ukuta wenye kivuli. Atafute kivuli cha kichwa chake, upinde utakuwa umekizunguka, na kama unanyunyiza kutoka juu anaweza kuona karibu duara zima.

Usiku tumieni tochi kali yenye boriti nyembamba, ila tochi isiwe karibu na jicho la mtoto: iwe pembeni, mbali naye kidogo, ili mwale wake na mstari wa jicho lake vikutane kwenye maji kwa zile nyuzi kama 42, na wewe ukinyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia. Hapo rangi ni hafifu, mwambie mapema asije akalia.

Kuna zaidi. Akishauona, mwambie afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto. Kwa kuwa maji yako karibu, upinde utaruka kidogo kila anapobadili, kwani kila jicho lina wake. Mtoto wangu alipogundua hilo alikataa kuingia ndani hadi jua lilipozama, na bili ya maji ya mwezi ule nililipa mimi. Mvalishe nguo ambazo hutazihuzunikia.